Gregory Pincus, mwenye kutengeneza kidonge, na malalamiko ya wamama aliyokataa kuyapokea

Mwanamke wa ku Kikula anaanza vidonge vya kupanga uzazi siku ya kazi moja. Kufika siku ya posho, tumbo linachafuka, kichwa kinauma, maziwa yamejaa na yanauma. Jirani wa kwanza anasema hiyo ni mimba. Wa pili anasema dawa inachoma kizazi. Siku ya Mungu vidonge vinatupwa mu choo, na miezi mitatu kisha mimba ya kweli inaingia.

Malalamiko haya ni ya zamani kama kidonge chenyewe. Mganga mmoja mwanamke aliyaandika kwenye kisiwa cha Puerto Rico karibu miaka 70 iliyopita, na mtu aliyekataa kuyapokea ni yule anayeitwa leo baba wa kidonge: Gregory Pincus.

Pincus alizaliwa tarehe 9 Aprili 1903 mu Woodbine, jimbo la New Jersey, Marekani, kijiji cha Wayahudi waliotoka Urusi na kupewa mashamba ya kulima. Alisoma Cornell, kisha Harvard. Mwaka 1934 alitangaza kwamba ameunganisha yai la sungura na mbegu ya dume ndani ya chupa. Magazeti yakaogopesha watu, yakamfanya kama mtu anayetaka kutengeneza watoto bila baba. Harvard hawakumpa kazi ya kudumu, na rafiki yake Hudson Hoagland akamuita Worcester, mji mdogo wa viwanda.

Hapo ndipo wawili hao walifungua nyumba yao ya utafiti, mwaka 1944. Makuta hayakuwepo. Hoagland mwenyewe alikuwa anakata majani ya kiwanja, Pincus anasafisha vizimba vya wanyama, na mwanasayansi Mchina, Min Chueh Chang, usiku anakuwa mlinzi. Watu wanaofikiri kidonge kilitoka kwenye kampuni kubwa yenye kila kitu, wanakosea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Pincus alikutana na Margaret Sanger, muuguzi aliyepigania kupanga uzazi maisha yake yote. Mama ya Sanger alibeba mimba 18, watoto 11 wakazaliwa wazima, na yeye akafa mapema. Sanger alitaka dawa ya kumeza, kitu ambacho mwanamke anakiamua yeye peke yake. Mwaka 1953 alimletea Pincus mjane tajiri, Katharine McCormick, na kutoka siku ile makuta hayakukosa tena.

Wazo lenyewe si gumu. Mwanamke mwenye mimba hatoi yai lingine, juu mwili wake unatengeneza homoni inayoitwa projesteroni. Ukimpa mwanamke homoni ya namna hiyo, mwili wake unatulia kama vile iko na mimba. Ndiyo maana kichefuchefu na maziwa kuuma vinafanana na mimba changa: jirani wa kwanza hakukosea sana. Chang alijaribu kwa sungura, ikatumika. John Rock, mganga wa wanawake na Mkatoliki wa kwenda misa, akajaribu kwa wagonjwa wake mu Boston. Wakajaribu pia kwa wagonjwa wa akili wa lopitali ya Worcester, ambao hawakuwa na namna ya kukubali wala kukataa. Siku hizi hiyo ingemfikisha mtu mbele ya sheria.

Kilibaki kujaribu kwa wanawake wengi. Sheria ya Massachusetts ilikataza, kwa hiyo Pincus akachagua Puerto Rico, kisiwa maskini chini ya Marekani, chenye vituo vya kupanga uzazi kila upande. Mwezi wa 4 mwaka 1956 kazi ilianza mu Río Piedras, chini ya daktari Edris Rice-Wray. Wanawake waliambiwa kwamba dawa inazuia mimba. Hawakuambiwa kwamba wao ndio jaribio.

Mwaka ule ule, Likasi ilikuwa bado Jadotville, na Union Minière ilikuwa inataka kinyume kabisa: wafanyakazi wake wazae. Posho ilikuwa inapanda na hesabu ya watoto, na uzazi ulikuwa unafanyika ku lopitali ya kampuni. Huku kuzaa kunatafutwa, kule kuzaa kunazuiwa, na katika pande zote mbili hakuna aliyemuuliza mama mwenyewe.

Rice-Wray yeye aliwauliza. Alipotoa hesabu yake, ilikuwa wazi: mwanamke aliyemeza vizuri hakupata mimba. Lakini wanawake 17 kwa kila 100 walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa kichwa, tumbo kuuma, kutapika. Aliandika kwamba dawa hiyo inasumbua wanawake wengi kupita kiasi na haifai kupewa watu wote.

Pincus hakukubali. Kwake yeye, wanawake wale walikuwa wanajitafutia ugonjwa kwa kichwa. Akaagiza jaribio lingine: wanawake wengine wapewe kidonge cha bure, kisicho na dawa, lakini waonywe kwamba kitawasumbua. Baadhi yao wakaumwa kichwa na tumbo kama wale wenye dawa ya kweli. Tena waliopewa dawa ya kweli bila kuonywa wakalalamika kidogo zaidi. Pincus akaona ameshinda.

Sehemu ya alichosema ni kweli, tusiifiche. Woga unaongeza maumivu, na maneno ya jirani yanaweza kuchafua tumbo. Lakini Pincus alisimama hapo, na hapo ndipo alikosea. Kidonge chake, Enovid, kilikuwa na karibu miligramu 10 za homoni ya kwanza, tena mikrogramu 150 za mestranoli, homoni ya aina ya estrojeni. Hii mestranoli iliingia kwanza kama uchafu wa kiwandani. Walipoitoa, wanawake wakaanza kutoka damu katikati ya mwezi, basi wakairudisha. Vidonge vingi vya leo vinabeba mikrogramu 30 au 35 tu za estrojeni. Kwa hiyo wanawake wa Río Piedras hawakuota.

Mwaka 1957 serikali ya Marekani ilikubali Enovid kwa shida za hedhi tu, na karatasi yake ikionya kwamba inazuia yai kutoka. Ghafla wanawake wengi sana wa Marekani wakawa na shida za hedhi! Mwaka 1960 ikakubaliwa wazi kwa kuzuia mimba. Mwaka uliofuata mganga Mwingereza aliandika juu ya muuguzi aliyeanza dawa hiyo, akapata damu ya kuganda mu mapafu. Wengine wakafuata.

Wakati ule ule mu Turnhout, Ubelgiji, mganga Ferdinand Peeters alikuwa amekwisha kuona kwamba dawa ya Pincus inasumbua. Yeye hakuwaambia wanawake kwamba ni kichwa. Alijaribu, kwa wanawake 50, kidonge cha kampuni Schering chenye mikrogramu 50 za estrojeni. Kichefuchefu kikapungua sana, na mwaka 1961 kidonge hicho, Anovlar, kikaanza kuuzwa.

Pincus aliendelea kuzunguka dunia akitetea kidonge chake. Ugonjwa wa uboho wa mifupa ulikuwa umemshika, lakini hakuacha kutumika. Alikufa mu Boston tarehe 22 Agosti 1967, na miaka 64. Miezi michache kisha, uchunguzi wa Uingereza ulionyesha wazi kwamba vidonge vinaweza kugandisha damu. Mwaka 1970, kisha wanawake kupiga kelele mbele ya maseneta wa Marekani, serikali iliagiza kila boksi liwe na kikaratasi kinachoeleza hatari kwa mwanamke mwenyewe.

Mu Likasi kikaratasi hicho kinaweza kukosekana, ukiuziwa plaketi peke yake. Basi uliza muuguzi mbele ya kuanza. Mwambie kama unanyonyesha, kama una tansio, kama unavuta tumbako na umepita miaka 35. Kichefuchefu, matone ya damu, kichwa kuuma kidogo: mara nyingi vinapita katika miezi miwili au mitatu, na kumeza wakati wa kulala kunasaidia. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukosa, kichwa kuuma vikali na macho kuona giza: acha vidonge na kimbia lopitali siku ile ile. Na kama mwili umekataa kabisa, kuna aina nyingine ya vidonge isiyo na estrojeni, na kuna njia nyingine. Lakini kamata njia hiyo nyingine kwanza, ndipo vidonge uviache.