Wangari Maathai na hesabu ya miti iliyo hai

Neno kamukunji limekwisha kuwa nomino ya kawaida katika Kiswahili cha Kenya. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakiitana kujadili karo au mgomo, husema wana kamukunji. Wabunge nao wakikutana faraghani kabla ya kikao rasmi, hulitumia neno hilo hilo. Sisi tunaofundisha isimu hupendezwa na mambo ya aina hii, kwani yanaonyesha jinsi jina la mahali linavyoweza kusafiri mbali hata watu wakapasahau mahali penyewe. Uwanja wa Kamukunji upo upande wa mashariki wa Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Majengo, Pumwani, jirani na soko la Gikomba.

Mtu akiulizwa uwanja huo unakumbukwa kwa lipi, hutaja Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai 1990, siku ya mkutano uliopigwa marufuku wa kudai vyama vingi. Hajakosea. Lakini ipo tarehe nyingine inayostahili kufundishwa shuleni sambamba na hiyo. Mnamo 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara wa watu ulitoka Jumba la Mikutano la Kenyatta ukaja hadi Kamukunji, na hapo ikapandwa miti saba ya kuwakumbuka mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Mwenye fikra hiyo alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Wangari Maathai. Nimeona vyema leo kuyasimulia maisha yake, kwa sababu naamini yanatufunza jambo moja kuhusu sera za mazingira ambalo nchi yetu bado haijalishika sawasawa.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Babaye alikuwa akifanya kazi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, na huko Wangari aliishi miaka michache ya utotoni kabla ya kurejeshwa kijijini. Karibu na nyumbani kwao palikuwa na mugumo mkubwa ambao mamaye alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa mti wa Mungu. Hapo hapo kilibubujika kijito ambamo mtoto yule alichezea mayai ya vyura. Miaka mingi baadaye, aliporudi kutoka ng'ambo, alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Msomi wa biolojia hakuhitaji kufafanuliwa: mizizi ya mti ule ndiyo iliyokuwa ikiyafungulia maji njia ya kutoka chini ya mwamba. Mwiko wa wazee ulikuwa, kwa hakika, sera ya mazingira isiyoandikwa.

Wakati ambapo wasichana wengi walibaki nyumbani, yeye alipelekwa shule. Alisoma Ihithe, kisha kwa masista wa Mathari, kisha Loreto, Limuru. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia huko Kansas mwaka 1964, na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966. Aliporejea nchini, kazi aliyokuwa ameahidiwa akakuta amepewa mtu mwingine. Hakukata tamaa. Alipata nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo, akaenda Ujerumani kwa utafiti, na mwaka 1971 akatunukiwa uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada hiyo.

Ndoa yake na Mwangi Mathai, aliyepata kuwa mbunge wa Lang'ata, ilivunjika mahakamani mwaka 1979. Aliukosoa uamuzi wa hakimu, na kwa ajili hiyo akafungwa jela kwa siku tatu. Mumewe alimtaka aliache jina lake. Wangari hakuliacha wala hakulibakiza kama lilivyokuwa. Aliongeza irabu moja, Mathai likawa Maathai. Nawaomba wanafunzi wa fonolojia walitafakari jambo hili. Herufi moja ilitosha kulifanya jina la mtu mwingine kuwa lake mwenyewe.

Turudi kwenye miti. Katikati ya miaka ya 1970, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, Wangari aliwasikia wanawake wa mashambani wakilalamika kuwa kuni zimeadimika, maji safi hayapatikani na chakula bora kimepungua. Aliona kuwa malalamiko yale yote yalikuwa na mzizi mmoja, nao ni ardhi iliyovuliwa miti. Ndipo ulipoanza mradi uliozaa shirika la Green Belt Movement. Mwanzo wake haukuwa rahisi. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kuanzisha biashara ya kupanda miti, ikaanguka. Miche mingi ya awali nayo ilikufa kwa kukosa maji na mtunzaji. Wataalamu wa misitu walishikilia kwamba kupanda miti ni kazi ya wenye stashahada. Wanawake wakajifunza wenyewe kukusanya mbegu, kuziotesha katika vyungu na makopo, na kufundishana kijiji kwa kijiji.

Hapa pana kanuni ambayo ningependa msomaji aizingatie. Mwanamke alilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche, lakini hakulipwa siku ya kuupanda. Alilipwa baada ya kuthibitika kwamba mche umeshika na unaishi. Kwa kanuni hiyo tu, hesabu nzima ya mradi ilibadilika: kilichohesabiwa ni uhai. Wangari alipotunukiwa Nishati ya heshima kuliko zote, yaani Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, shirika lake lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30.

Lakini mwenye kupanda miti hawezi kukwepa swali la nani anayeikata. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo ili agombee ubunge, akazuiwa kwa kisingizio cha usajili wa wapiga kura, na chuo hakikumrudisha kazini. Mwaka 1989 alipata habari kwamba chama tawala kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Aliandika barua kwa wakuu wa serikali na kwa wafadhili wa nje. Bungeni alitukanwa, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali lilimokuwa. Alikwenda Mahakama Kuu. Mwezi Desemba mwaka huo kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba hakuonyesha madhara yoyote yaliyompata yeye binafsi. Kwa maneno mengine, bustani ilikuwa ya watu wote, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu wa kuitetea.

Jumba lile hata hivyo halikujengwa, kwani wafadhili walijiondoa. Mapambano mengine yakafuata. Mwaka 1992 alipigwa na polisi hadi kulazwa hospitali, alipokuwa pamoja na akina mama waliodai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Mnamo 8 Januari 1999 alijeruhiwa kichwani na wahuni katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wajenzi, naye akaenda kuandikisha taarifa polisi na kuitia sahihi kwa damu yake. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka huo huo wa 1999, Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyozaa mamlaka ya NEMA. Sheria hiyo inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Katiba ya mwaka 2010 ikaiimarisha haki hiyo: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamfungulia mlango wa mahakama. Mlango uliofungwa mbele ya Wangari mwaka 1989 ndio huo. Tunapofundisha kwamba sheria huzaliwa bungeni, tusisahau kwamba nyingine hutungwa mimba katika kesi iliyoshindwa.

Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka uliofuata akawa waziri msaidizi wa mazingira hadi 2005. Uchaguzi wa 2007 ulimwondoa bungeni. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011 kwa maradhi ya saratani, akaagwa kwa heshima za kitaifa katika bustani ile ile ya Uhuru Park aliyoiokoa. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Mwili wake uliteketezwa Kariokor. Mkazi wa Majengo anaweza kwenda kwa miguu asubuhi moja kutoka Kamukunji, kazi yake ilikoanzia, hadi hapo safari yake ilikokomea.

Na Majengo yenyewe ina somo lake. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale watawala wa kikoloni walipoamua Waafrika wa Nairobi wakusanywe mahali pamoja. Watu walipewa viwanja wakajenga nyumba zao, na ndiyo asili ya jina. Ulikuwa mpango uliotungwa juu ya watu bila watu. Miaka mia moja baadaye, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoyakumba mabonde ya mito ya Nairobi, amri ilitoka kwamba wote walio kando ya mito wahame, na nyumba nyingi za maskini zikabomolewa Mathare na Mukuru. Kuilinda kingo ya mto ni jambo la haki. Lakini sera inayomfikia mwananchi kwa mara ya kwanza ikiwa juu ya tingatinga haiwezi kuitwa sera yake.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mipango yetu ya mazingira aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, kisha watu huulizwa kwa nini hawaifuati. Wangari, aliyekuwa na shahada tatu, aliendesha semina zake kwa lugha za wenyeji, kwa kuwa alijua mkulima haongozwi na waraka asioweza kuusoma. Istilahi ya maendeleo endelevu tunayo. Kinachokosekana ni desturi ya kuipeleka kwa fundi wa Gikomba na mama muuza mboga wa Majengo, na kumsikiliza anavyoijibu.

Desemba 2022 serikali ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na 13 Novemba 2023 ikawa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Silidharau lengo hilo. Takwimu za serikali za mwaka 2021 zilionyesha kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83, kazi bado ipo. Swali langu ni moja: siku ya kupanda kila mtu yupo, na wapiga picha wapo, siku ya kuhesabu iliyoshika, nani yupo? Hakuna sikukuu ya kumwagilia.

Walimu wenzangu, kila muhula shule zetu hupanda miche penye ua na lango. Nashauri kila darasa lipewe daftari, na humo iandikwe miche mingapi ingali hai baada ya miezi mitatu, baada ya mwaka, na baada ya miaka miwili. Mwanafunzi atakayekabidhi daftari hilo kwa darasa linalomfuata atakuwa amejifunza upangaji wa maendeleo kuliko aliyekariri vifungu vya katiba. Ukipita Kamukunji, msomaji, tazama miti iliyosimama, uulize ni nani anayeitunza. Kama hakuna anayejua, basi kazi ya Wangari ingali inatungoja.