Carey Francis: Bingwa wa hesabu aliyeacha Cambridge akaja Maseno

WATOTO wa Pap Onditi, Nyakach, sawa na wenzao kote nchini, walipoingia Gredi ya 10 Januari 2026 walitakiwa kufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wakati kama huo ndipo husikika dhana kwamba kuna wanaozaliwa na ubongo wa hesabu, unaotumia upande wa kushoto, na wengine wa sanaa, unaotumia upande wa kulia.

Si mara ya kwanza ubongo kutumiwa kuamua Mkenya anaweza kujifunza nini. Katika miaka ya 1930, Dkt H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwanapatholojia F. W. Vint walidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni kuliko wa Mzungu. Gordon alitumia madai hayo kutilia shaka elimu ya Kizungu kwa Waafrika.

Miaka hiyo hiyo, huko Maseno, magharibi mwa Kisumu, shule ilikuwa mikononi mwa mwanahisabati halisi.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka wa 1897, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akasomea hisabati Cambridge na kuwa mhadhiri katika chuo cha Peterhouse. Mwaka wa 1928 kilichapishwa kitabu cha mazoezi alichoandika pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakuu wa Uingereza. Mwaka huo huo aliacha yote, akaja Maseno chini ya misheni ya CMS kuwa mwalimu mkuu.

Hakuwa mtaalamu wa ubongo. Aliwafundisha wavulana wa Nyanza, Oginga Odinga akiwa miongoni mwao, na vitabu vyake vya hesabu vikaja kutumiwa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1940 alihamia Alliance, Kikuyu, alikoongoza hadi 1962.

Malaika hakuwa. Alikuwa mkali kupindukia, na imani yake katika utawala wa Mwingereza iliwakera wengi wa wale wale aliowasomesha.

Alliance ndiko alikofundisha hisabati kijana wa Gem, Bethwell Ogot, aliyekuwa amesoma Maseno baada ya Francis kuondoka. Ogot huyo ndiye aliyekuja kuwa mwanahistoria mkuu wa Kenya. Sijui wa kushoto na kulia wangempeleka mkondo gani!

Dhana yao hutegemezwa kwa Roger Sperry wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981. Lakini wagonjwa aliowachunguza walikuwa wamekatwa nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo ili kutibu kifafa. Kwa mtu asiyekatwa, pande zote mbili hushirikiana, hata anapopiga hesabu.

Francis hakuoa. Alipostaafu Alliance hakurudi Uingereza; alikwenda Pumwani, Nairobi, kufundisha watoto wa mtaa wa maskini kama mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Alikuwa bado akifundisha huko alipofariki Julai 1966.