Budding: Fundi wa mashine za nguo aliyewarahisishia kazi wakata majani

Mvua za masika zinapokatika, kazi ya kukata majani huwa nyingi jijini Mwanza, hasa kwenye hoteli za kando ya ziwa na nyumba za Capri Point. Wapo vijana wanaoifanya kwa fyekeo na wapo wenye mashine. Mashine hiyo, chanzo chake ni fundi wa Kiingereza, Edwin Budding, ambaye hakuwa mtunza bustani.

Budding alizaliwa mwaka 1796 karibu na mji wa Stroud, Uingereza. Alianza na useremala, akahamia kwenye ufundi wa chuma. Stroud wakati huo ulisifika kwa viwanda vya nguo za sufu, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutengeneza mitambo ya viwanda hivyo. Ulikuwepo mtambo wenye visu vilivyozungushwa kwenye mhimili, uliokata manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa ili kibaki laini. Budding akaona kuwa kinachokata manyoya kinaweza kukata majani.

Uingereza ni nchi ya baridi, na majani hukua kwa kasi kuanzia Mei hadi Juni, kiangazi chao kinapoanza. Matajiri walipenda uwanja wa majani mafupi mbele ya nyumba. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua kwa mundu mrefu wa kushika kwa mikono miwili, na ilibidi waamke alfajiri, kwani majani yakikauka umande hulala na mundu hauyashiki vizuri. Mashine ya Budding ilikata hata majani makavu. Gogo la chuma la nyuma likisukumwa lilizungusha meno, nayo meno yakazungusha visu vilivyokata majani dhidi ya bapa lililotulia chini. Upana wa kukata ulikuwa inchi 19. Inasimuliwa kwamba aliijaribu usiku, majirani wasione.

Hataza ilitolewa Agosti 31, 1830. Lakini fedha hakuwa nazo. Mei mwaka huo alikuwa ameingia mkataba na John Ferrabee, mwenye kiwanda cha chuma pale Thrupp: Ferrabee alibeba gharama zote, naye akapata haki ya kuunda mashine, kuziuza na kuwapa wengine leseni. Mkataba wa namna hiyo mfanyabiashara mdogo anaujua vizuri. Bila Ferrabee pengine mashine ingebaki mchoro tu. Pamoja naye, milango yote ya soko ilishikwa na mtu mwingine.

Soko lilipatikana. Mwaka 1831 mashine moja ilikuwa ikifanya kazi kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ambako msimamizi alisema inafanya kazi ya watu sita hadi wanane. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilipata leseni. Haikuwa mashine nyepesi, kwani mara nyingi mmoja alisukuma na mwingine akavuta kwa mbele. Mwaka 1842 Alexander Shanks wa Scotland alitoa ya kuvutwa na farasi mdogo.

Visu vya Budding vilikata kama mkasi, na hilo bado ni muhimu kwa anayekata majani kwa malipo. Kisu butu huchana jani, na ncha zake huwa za kahawia baada ya siku chache. Tena usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, hasa mvua zikiwa zimekwisha.

Budding mwenyewe hakusubiri bustani zimlishe. Alibuni pia spana ya kurekebisha kwa skrubu, jamii ya ile ambayo mafundi gereji huiita spana malaya. Baadaye alihamia Dursley, akafanya kazi na George Lister kwenye mitambo ya kuchambua sufu. Alifariki huko mwaka 1846 kwa kiharusi. Miaka 21 baadaye mtoto wa George, Robert Ashton Lister, alifungua kampuni yake hapo hapo Dursley, ile ambayo injini zake zilikuja kuendesha mashine za kusaga unga hadi vijijini Tanzania.