Amir Jamal: Mbunge wa Morogoro na kiwanda kilichoshindwa kutoa viatu

KATIKA njia panda ya Msamvu, mjini Morogoro, ambako mabasi ya Dodoma na ya Iringa huachana, viatu vya mitumba kutoka Ulaya ni bidhaa ya kawaida. Ukishika barabara ya Dodoma unafika Kihonda, eneo ambalo zamani lilijengwa kiwanda kilichokusudiwa kupeleka viatu vya Tanzania huko Ulaya. Habari za kiwanda hicho zinagusa pia maisha ya hayati Amir Habib Jamal, aliyeiwakilisha Morogoro bungeni kuanzia mwaka 1960 hadi 1985.

Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922, katika familia yenye asili ya India, akasomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Aliporejea nyumbani aliungana na Mwalimu Julius Nyerere katika kudai uhuru. Kwamba mji ulio chini ya milima ya Uluguru ulimwamini kwa robo karne mtu wa asili ya Asia, tena katika miaka ambayo Waasia walitazamwa kwa wasiwasi, ni jambo ambalo mara nyingi husahauliwa.

Alikuwa Waziri wa Fedha Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na mabenki kutaifishwa. Mwaka 1972 alihamishiwa Biashara na Viwanda. Katika muongo huo Morogoro iligeuka mji wa viwanda: ngozi, viatu, turubai, magunia na nguo.

Kiwanda cha viatu ndicho kilichobeba matumaini makubwa kuliko vyote. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapewa mitambo ya kisasa yenye uwezo wa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo huo. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za aluminiamu, bila mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake linajulikana. Mashine zilipoharibika, vipuri vilikosekana kwa uhaba wa fedha za kigeni. Na kwa kuwa kilikuwa mali ya umma, hasara haikumfukuzisha mteja wala kumfilisi mwenye mali. Ilihamia kwenye vitabu vya serikali.

Vitabu hivyo vilirudi mikononi mwa Jamal mwaka 1979, Edwin Mtei alipojiuzulu Uwaziri wa Fedha. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Mwaka 1980 Jamal aliongoza mjini Washington mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hivyo mbunge wa Morogoro alikalia kiti cha mbele katika mkutano wa benki ile ile iliyokopesha kiwanda cha jimbo lake.

Si haki kumtwika yeye peke yake mzigo huo. Kiwanda kilikuwa na menejimenti na wizara, na mkopeshaji aliyeridhia michoro. Lakini hakuna kati yao aliyekisimamisha mapema.

Jamal aliondoka Hazina mwaka 1983, akatumikia nchi kama balozi Geneva, na kufariki dunia Vancouver, Kanada, Machi 1995. Wakati huo ilikuwa imetimia miaka mitano tangu mashine za Kihonda zizimwe.