Mwariama: Jemadari wa Tigania ambaye sinema za wakoloni hazikumwona

PICHA moja ya Desemba 1963 ndiyo inayomtambulisha Musa Mwariama hata kwa Wakenya wasiojua alikozaliwa. Mzee Jomo Kenyatta, kiongozi wa taifa lililokuwa likipata uhuru, yuko pamoja na mpiganaji mwenye nywele ndefu zilizosokotana, ambaye Waingereza hawakufanikiwa kumuua wala kumkamata.

Mwariama alizaliwa mwaka 1928 huko Muthara, Tigania, wilayani Meru. Tigania hiyo ndiyo yenye soko la Kianjai na kijiji cha Nchiru, makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Kwa watu wa huko kiapo hakikuwa kioja. Kilikuwa njia ya wazee ya kuamua kesi na kufunga maagano.

Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka 1950. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na Wameru wakajikuta kapu moja na Wakikuyu na Waembu: vipande vya njia, vizuizi, misako na kambi. Mwariama aliingia msituni na hatimaye akawa Fildi Mashali wa wapiganaji wa Meru.

Alipokuwa huko, vita hivyo vilisimuliwa kwingine, tena na watu wengine. Serikali ya kikoloni ilimwagiza daktari wa akili, J. C. Carothers, aichunguze Mau Mau, na taarifa yake ya mwaka 1954 ikaieleza zaidi kama maradhi ya fikra. Ripoti ya F. D. Corfield ya mwaka 1960 iliendeleza nyimbo hiyo. Ardhi iliyochukuliwa haikupewa uzito wake, na viapo vikawa ndiyo hadithi yenyewe.

Sinema zilishika mkondo uo huo. Filamu ya Uingereza ya mwaka 1955, Simba, inaanza kwa Mwafrika aliyepanda baiskeli akimkuta Mzungu aliyejeruhiwa barabarani. Badala ya kumwokoa, anatoa panga na kummaliza. Dirk Bogarde anaigiza Mwingereza anayefika Kenya na kukuta ndugu yake ameuawa, na kiongozi wa siri wa wauaji anabainika kuwa baba wa daktari Mwafrika mwenye moyo mwema. Sehemu kubwa ilipigwa katika studio za Pinewood, Uingereza, mbali kabisa na Mlima Kenya.

Mwaka 1956 ikaja Safari, ambamo Victor Mature ni mwindaji anayewasaka Mau Mau kulipiza kisasi cha mwanawe. Something of Value, filamu ya Marekani ya mwaka 1957, ilikuwa na haki kidogo zaidi. Sidney Poitier anaigiza Kimani, kijana aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi, na mtazamaji anaonyeshwa dharau iliyomsukuma msituni. Hata hivyo, usiku wa kiapo unatawala hapo pia, kana kwamba mtu hawezi kudai shamba lake kabla ya kurogwa.

Ukatili ulikuwepo, wala si haki kuuficha. Usiku wa Machi 26, 1953, wanawake na watoto waliteketezwa na kukatwakatwa huko Lari. Lakini katika kipindi chote cha hali ya hatari raia Wazungu waliouawa walikuwa 32, ilhali Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Mtu aliyezijua habari hizo kwa sinema tu angedhani hesabu ni kinyume chake.

Kinaya kikubwa ni kwamba serikali iliyolaani viapo vya msituni iliwatumia wazee na waganga kuendesha viapo vya kuwatakasa walioapa. Kiapo kilipokuwa upande wake, hakikuitwa ushenzi.

Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 18, 1957. Kwa walowezi hadithi ilikuwa imeisha. Mwariama aliendelea kujificha, na uhuru ulipofika alikuwa angali hai na huru. Akatoka, na kamera zilizozoea kuwaonyesha wenzake wakiwa maiti au katika pingu zikampiga akiwa na Kenyatta.

Picha hiyo nayo haielezi yote. Mwenzake wa Meru, Baimungi M'Marete, hakuridhika na yale ambayo uhuru uliwapa wapiganaji, hasa kuhusu ardhi. Alirudi msituni, na Januari 1965 akauawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru. Waliokuwa mashujaa Desemba 1963 waligeuka wahalifu kabla ya miaka miwili kupita, safari hii bila msaada wa Pinewood.

Mwariama alifariki mwaka 1989. Siku alipozikwa, sheria ya kikoloni iliyoharamisha Mau Mau ilikuwa ingali katika vitabu vya Kenya, na haikuondolewa hadi mwaka 2003, chini ya Rais Mwai Kibaki. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni kuhusu mateso ya enzi hiyo na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.