Moïse Tshombe na barabara yetu ya Kolwezi

Ukisimama asubuhi kwenye barabara kubwa ya Manika, huwezi kuvuka haraka. Makamio ya shaba na kobalti yanapita moja nyuma ya ingine, wewa zinapenya katikati, na wamama wenye wanauza ndizi na mikate wamesogea paka karibu na mufereji kwa sababu barabara imewafuata. Mtoto wa miaka kumi anafikiri imekuwa hivi siku zote. Lakini mzee mwenye alikuwa mtoto mwaka 1963 anakumbuka barabara ingine: nyembamba, vumbi jekundu pembeni, kinga za wafanyakazi wa Union Minière zikitoka kazini kisha sirene kulia, na gari ya muzungu moja moja. Na ukimwacha aongee, hatamaliza bila kutaja jina la Tshombe.

Si ajabu. Barabara yenye inatoka Lubumbashi, inapita Likasi, Mulungwishi na Fungurume na kuingia hapa kwetu, karibu kilometa 300, njo barabara yenye ilibeba mambo mengi ya maisha ya huyu mtu. Na mwisho wa nchi yake ulikuwa hapa hapa Kolwezi.

Moïse Kapenda Tshombe alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 11 mwaka 1919 kule Musumba, mji wa Mwant Yav, katika teritware ya Kapanga. Leo Kapanga iko ndani ya jimbo letu la Lualaba, kwa hiyo Tshombe ni mtoto wa jimbo, hata kama watu wengi wanamuhesabu kuwa mtu wa Lubumbashi. (Kwenda Kapanga mpaka leo, mvua ikinyesha, makamio yanalala siku nyingi ndani ya matope.) Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanyabiashara mkubwa sana, mmoja wa Wacongo wa kwanza wenye walipata mali ya kweli wakati wa Wabelgiji: maduka, mashamba, makamio. Kijana alisoma kwa wamisioni Wamethodiste, akajifunza pia mambo ya hesabu, akaoa Ruth Matschik, binti wa ukoo wa kifalme wa Lunda. Baba alipokufa mwaka 1951, yeye njo alishika biashara. Haikwenda vizuri. Duka zilianguka, madeni yakapanda, na pole pole akasogea upande wa siasa. Mimi nafikiri hapo tayari tunamuona mtu mzima: jina kubwa, mfuko wenye unavuja, na watu wengi wanangojea kitu kutoka kwake.

Kuelewa chama chake, lazima kukumbuka miji ya migodi ilijengwa namna gani. Kolwezi ilianza mwaka 1937 kama makao ya migodi ya magaribi ya Union Minière. Kampuni ilitafuta wafanyakazi mbali, na wengi walitoka Kasaï. Walikaa katika kampi, walijifunza kazi, watoto wao walisoma, na wengine wakawa makarani. Mwezi wa 12 mwaka 1957, Wabelgiji walipofanya uchaguzi wa kwanza wa makomini kule Elisabethville, wakubwa wa makomini ya watu weusi wenye walishinda hawakuwa wenyeji wa Katanga. Hasira ikawaka. Mwaka 1958 Conakat ikazaliwa, na mwaka 1959 Tshombe akawa rais wake. Mbele yake kulikuwa Balubakat ya Jason Sendwe, yenye nguvu kaskazini. Katika uchaguzi wa mwezi wa 5 mwaka 1960 Conakat ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo. Haikuwa Katanga nzima. Ile hesabu ni ya kuweka akilini, kwa sababu siku chache kisha uhuru, tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, Tshombe alisimama na kusema Katanga imekuwa nchi peke yake.

Nchi ile ilidumu miaka mbili na nusu. Ilikuwa na bendera nyekundu na nyeupe, mstari wa kijani katikati na misalaba mitatu ya shaba. Ilikuwa na majandarme, ilikuwa na faranga zake, na noti za kwanza zilikuwa na sura ya Tshombe. Nkambo wangu alikuwa na kopo ya maziwa yenye alifungia vitu vyake vya zamani, na ndani yake mlikuwa feza moja ya shaba ya mwaka 1961, yenye kuchorwa ndizi. Tulicheza nayo tukiwa watoto, tukainunulia mchanga kwenye duka zetu za uongo. Hakuna mwenye alituambia ni feza ya nani. Wakati wa Mobutu jina lile lilitajwa chini chini, na yeye alikuwa amezoea hivyo.

Pesa ya kweli ilitoka kwa Union Minière. Kodi zenye zilipaswa kwenda Léopoldville zilibaki Elisabethville, na kwa pesa hiyo nchi ya Tshombe ililipa askari, na pia wazungu wa vita, wale mamersenere. Kaskazini, Wabaluba wenye walikataa ile serikali walichomewa vijiji. Kule Elisabethville, mwaka 1961, Wabaluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kampi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Wazee wenye wanasema wakati wa Tshombe kulikuwa mkate, sukari na utaratibu hawasemi uongo juu ya mkate wao. Lakini jirani yao wa kaskazini hakula ule mkate.

Halafu kuna Shilatembo. Ukitoka Lubumbashi kuelekea Likasi, karibu kilometa 50, kabla ya makamio kushika mwendo, kuna ile fasi ya kumbukumbu pembeni ya barabara. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege Elisabethville wakiwa wamefungwa na kupigwa. Usiku ule ule waliuawa porini. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji, wenye uliisha mwaka 2001, ulionyesha kwamba Tshombe na mawaziri wake kadhaa walikuwepo, pamoja na wakubwa wa askari Wabelgiji. Kila shofere wa Kolwezi mwenye anaenda Lubumbashi anapita pale. Wengine wanapunguza mwendo, wengine hawajui.

Mwezi wa 9 mwaka huo huo, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ndege yenye ilianguka karibu na Ndola, upande wa Zambia ya leo, akienda kuonana na Tshombe. Mwezi wa 12, kule Kitona, Tshombe aliandika kwamba anatambua Congo moja. Akarudi nyumbani na kuchelewesha. Njo tabia yake: kusema ndiyo, kuomba siku, kupanda ndege, kusema tena.

Mwisho wa mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulichoka. Askari wake walitoka Elisabethville wakifuata barabara ya kwetu. Majandarme walibomoa daraja za Lufira, lakini Wahindi walivuka, na tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963 waliingia Jadotville, ndiyo Likasi. Ikabaki Kolwezi.

Hapa njo wazee wa Manika wanaanza kuongea wote kwa mara moja. Mji ulijaa majandarme na mamersenere wenye walikuwa wamerudi nyuma. Viwanja vilijaa magari. Habari yenye iliogopesha kila nyumba ilikuwa ya Nzilo na Nseke, mabarage mbili za mto Lualaba zenye zilipatia migodi umeme, na zilitegwa baruti. Kama zingelipuliwa, kampuni ingesimama, na kampi zote zingelala njaa. Juu ya maji yenye yangeteremka bondeni, usiongee. Kampuni yenyewe haikutaka mambo yafike huko. Tarehe 14 mwezi wa kwanza Tshombe na mawaziri wake walitangaza kwamba mambo ya kujitenga yameisha. Akapatana na Umoja wa Mataifa namna ya kuingia bila vita, na tarehe 21 mwezi wa kwanza 1963 askari Wahindi waliingia Kolwezi kwa ile barabara. Barage zilibaki. Hata leo taa ikiwaka, iko sehemu ya ule uamuzi.

Wazee wanakumbuka kimya ya siku ile. Watoto walikimbia kwenda kuangalia vilemba vya askari, wamama wakawarudisha kwa masikio. Hakuna mwenye alipiga vigelegele, hakuna mwenye alirusha jiwe. Majandarme wengi walikuwa wamekwisha kupanda treni ya njia ya Benguela, kupitia Dilolo, kuingia Angola.

Tshombe alienda Ulaya, akakaa Hispania. Kisha jambo lenye hakuna mtu alilifikiria: mwezi wa 7 mwaka 1964, Rais Kasavubu alimwita kuwa waziri mkuu wa Congo nzima. Mtu mwenye alikata nchi alipewa kazi ya kuishona. Ndugu zetu wa Kisangani, Uvira na Fizi hawahitaji kusimuliwa iliyofuata. Aliwaita tena majandarme wake na mamersenere kupigana na Wasimba, na tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1964 maparakomando wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Watu wengi walikufa, wa pande zote. Tshombe alishinda uchaguzi wa 1965, lakini Kasavubu akamfukuza mwezi wa 10, na mwezi mmoja kisha hapo Mobutu akawaondoa wote wawili.

Alirudi Hispania. Mwaka 1967 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka ule, siku ya sikukuu ya uhuru, ndege yenye alikuwa ndani yake ilitekwa na Mfaransa mmoja, Francis Bodenan, ikapelekwa Algeria. Siku chache baadaye mamersenere waliasi Kisangani, wakaja kushika Bukavu mpaka mwezi wa 11. Algeria haikumtoa kwa Mobutu, wala haikumfungulia. Alikufa huko kizuizini tarehe 29 mwezi wa 6 mwaka 1969, akiwa na miaka 49. Walisema ni moyo. Alizikwa Brussels. Huku kwetu wengi hawakuamini, na wenye hawakuamini wameshakufa nao.

Majandarme wake hawakuisha. Kutoka Angola walirudi mwaka 1977, vita ya siku makumi nane, na tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978 waliingia Kolwezi yenyewe, vita ya siku sita, mpaka lejioni ya Wafaransa ikashuka kwa parashuti. Barabara yetu ilijaa maiti. Watoto wa Manika wa miaka ile walijifunza kulala chini ya kitanda kabla ya kujifunza kusoma. Na mwaka 1993, wakati Wakasai walifukuzwa Kolwezi na kungojea treni kwa majuma kwenye gare, maneno yenye yalisikika barabarani yalikuwa ya 1957, hayajabadilika hata kidogo. Jirani yetu wa nyuma ya nyumba aliondoka hivyo, na mlango wake pekee njo ulibaki.

Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao ya jimbo. Barabara zimepanuliwa, gudro mpya, taa, peyaji. Lubumbashi imemuwekea Tshombe sanamu katikati ya mji. Huku Manika, ukiuliza kama barabara fulani ingepewa jina lake, mzee wa Kapanga atasema ndiyo mbele hujamaliza swali, na mama mwenye wazazi wake walitoka Manono atainuka na kukusanya ndizi zake. Nimejaribu mara mbili. Mara ya pili niliuliza wote wawili wakiwa pamoja, na kamio moja ya kobalti ikapita katikati yetu, ndefu, pole pole, na vumbi lilipotulia kila mmoja alikuwa amerudi kwa kazi yake.