Saint-Georges, Kiongozi wa Muziki

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumwona mtu hodari akinyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake au kabila lake. Basi soma habari za Joseph Bologne.

Joseph alizaliwa mwaka 1745 katika kisiwa cha Guadeloupe, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kisiwa hicho kilitawaliwa na Ufaransa. Baba yake alikuwa Mfaransa tajiri mwenye mashamba. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Kwa sheria ya siku hizo, mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa pia.

Baba yake alimpeleka Ufaransa angali mdogo, akamsomesha. Huko alijifunza kupigana kwa upanga na kupiga fidla. Fidla ni chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, kama zeze. Alipata sifa nyingi, akajulikana kwa jina la Saint-Georges. Mwaka 1773 akawa kiongozi wa kundi mashuhuri la wapiga muziki mjini Paris.

Mjini humo palikuwa na jumba kubwa la opera. Opera ni mchezo ambao wachezaji huimba maneno yao badala ya kuyasema. Mwaka 1776 Saint-Georges alitajwa kuwa anafaa kuliongoza jumba hilo. Lakini baadhi ya waimbaji wa kike walimwandikia malkia Marie Antoinette. Walikataa kupokea amri kutoka kwa chotara. Saint-Georges akaikosa kazi hiyo. Unaona, msomaji? Hawakulalamika juu ya muziki wake. Walilalamika juu ya rangi yake.

Je, aliacha muziki? La. Mwaka uliofuata opera yake ya kwanza ilichezwa Paris. Nyingine, L'Amant anonyme, ilichezwa mwaka 1780, na muziki wake upo hadi leo.

Mwaka 1789 Wafaransa walianza mapinduzi. Saint-Georges aliyaunga mkono, akaongoza kikosi cha askari weusi na machotara. Alifariki mwaka 1799.

Mwaka 1802 jemadari Richepance aliongoza jeshi lililorudisha utumwa Guadeloupe. Kwa miaka mingi mtaa mmoja wa Paris uliitwa kwa jina la jemadari huyo. Mwaka 2001 jina lake liliondolewa. Mtaa huo ukapewa jina la Saint-Georges, mtoto wa Nanon.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Saint-Georges aliikosa kazi ya opera?
2. Alifanya nini baada ya kuikosa?
3. Kijijini kwenu, mnatazama nini mnapomchagua kiongozi?